Glavu Nyeupe za Papa Sikuli

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha dirisha, likaangukia kwenye sahani ya mihogo ya Sajini Israël. La pili lilimpata Israël mwenyewe juu ya jicho, akaketi sakafuni bila kupenda, damu ikimchuruzika hadi kwenye kola. Nje ya kituo cha polisi umati wa mtaa wa Kasuku ulikuwa ukilitaja jina moja tu.

"Sikuli! Mutupatie Sikuli!"

Inspekta Nuru aliisukuma meza kwa nyonga mpaka ikaziba mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mzaliwa wa Kasongo, na hasira zake zilikuwa za kupanda polepole na kukataa kushuka. Alichungulia kwenye pengo la kioo. Waendesha pikipiki walikuwa wameifunga barabara pande zote mbili. Kwenye ngazi palikuwa na tairi kuukuu, na kando ya tairi dumu la njano la petroli. Mwenye dumu alikuwa Arsène, mpwa wa mzee aliyeuawa usiku. Alikuwa amelibana kwa miguu, mikono kaitia ndani kabisa ya mifuko ya koti la mvua, na jua la Kindu siku hiyo lilikuwa la kupasua utosi.

"Mama Inspekta!" aliita alipomwona. "Muyomba wangu wanamuosha sasa. Wakimaliza kumuosha, tunaingia. Njo vile tumepatana."

"Ukiingia utanipita mimi kwanza."

"Tutakupita, mama. Kwa heshima yote."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimtisha Nuru kuliko mawe.

Alfajiri ya siku hiyo Mzee Ephraïm Tambwe alikutwa sebuleni kwake amekufa, kichwa kimepondwa, nyumba imepinduliwa juu chini, na stempu alizorithi kwa baba yake zimeibiwa. Jana yake mchana alikuwa amepata mgeni mmoja tu: Sikuli, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la simu karibu na soko, ambaye pembeni hununua na kupima thamani ya stempu za zamani. Polisi walipofungua mkoba wake walikuta kibano kidogo cha chuma, lenzi, na glavu nyeupe za pamba. Kwa Kasuku, kesi ilikuwa imekwisha. Nani anavaa glavu kwenye joto hili kama si mtu anayeficha vidole vyake? Hata Nuru, tuseme ukweli, alfajiri ile aliwaza hivyo hivyo.

Sasa hakuwa na hakika, na asiyekuwa na hakika hawezi kumtoa mtu achomwe. Alienda nyuma, kwenye chumba cha mahabusu.

Sikuli alikuwa amekaa kwenye pembe, magoti kifuani, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Wataniunguza, mama?"

"Niko hapa bado."

"Hiyo haiko jibu."

"Ni jibu niko nayo. Gants, hizi glavu zako, ni za nini?"

Sikuli alimtazama kana kwamba ameulizwa viatu ni vya nini. "Timbre, ile stempu, iko na adui watatu. Maji, jua, na vidole. Jasho ya muntu inakula karatasi polepole. Hata muzee nilimukataza kugusa, akacheka, akasema baba yake alizigusa kila siku."

"Ulimuambia ziko na bei gani?"

"Nilimuambia zinaweza kumujengea nyumba ya matofali. Hiyo kila muntu alisikia. Binti yake alikuwa pale, na yule mpwa alikuwa anasimama nyuma ya kiti yangu." Akashusha sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Lakini ni zipi, hiyo nilimunong'oneza muzee peke yake. Zile za muhuri ya violet, ile zambarau. Zingine ziko mingi kabisa, sizitaki hata bure. Zile za violet, katika maisha yangu sijaona zingine."

"Juu ya nini hukusema mbele ya wote?"

"Mama, niko mufanyabiashara."

Nuru alimpa maji, akamwachia Israël bunduki isiyo na risasi na kitambaa cha kuzuia damu, kisha akatokea mlango wa nyuma, akapenya kwenye migomba. Nyumba ya marehemu haikuwa mbali. Alikwenda kwa hatua za mtu anayejua kwamba maiti haioshwi siku nzima.

Wanaume wawili wa ukoo walikuwa wakimwosha Mzee Ephraïm chumbani. Walimruhusu atazame. Utosi ulikuwa umeingia ndani kwa upana wa kitako cha kikombe, na vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimevunjwa vyote, vingine mara mbili. Mzee alikuwa ameuweka mkono huo juu ya kichwa kujikinga. Suruali waliyomvua ilikuwa imetupwa kando. Nuru aliiokota, akaikunjua. Kwenye magoti palikuwa na majivu.

Sebuleni hakukuwa na majivu. Palikuwa na godoro lililopasuliwa, kabati lililolazwa kifudifudi, na mburuzo wa damu ambao ulianzia mlango wa nyuma kuingia ndani. Asubuhi wote waliuona wakadhani ni mzee alijikokota kutaka kutoka.

"Jiko iko wapi?" alimwuliza Jacqueline.

Jacqueline, binti pekee wa marehemu, alikuwa mwanamke wa miaka arobaini mwenye uso uliokaushwa na kilio. Alimwongoza hadi kwenye kibanda cha matofali nyuma ya nyumba. Wanawake wa matanga waliokuwa wakipika wakasogea, wakabaki mlangoni kuchungulia. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga mweusi kwa moshi, na juu ya uchaga mahindi ya mbegu yamepangwa.

"Asubuhi ulijuaje kama timbre zimeibiwa?"

"Nilipanda pale. Sanduku ya bati iko chini ya mahindi. Nikafungua, albamu iko, lakini kurasa za katikati hakuna."

"Mahindi nani aliyafunua?"

"Miye mwenyewe. Ilikuwa imepangwa vizuri, kama siku zote."

"Papa Sikuli jana aliona mahali bati inakaa?"

"Hapana! Mugeni anaingia jikoni? Baba alimuletea albamu mezani. Mugeni alipoondoka, njo tukairudisha."

Nuru alisimama, mikono kiunoni. Basi kulikuwa na wezi wawili katika nyumba moja. Mmoja alipasua godoro na kuangusha kabati kwa sababu hakujua mali iko wapi. Mwingine alikwenda moja kwa moja kwenye uchaga, akatoa bati, akarudisha mahindi safu kwa safu kama alivyofundishwa utotoni. Wa kwanza alikuwa maigizo. Wa pili alikula katika jiko hili.

"Nani aliweka hii mali juu ya moto? Papa Sikuli angezimia."

"Baba. Wakati wa vita, ile ya muji kuzungukwa." Jacqueline aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa. "Askari wa kila upande walipita humu. Walitwaa mbuzi, milango, mabati ya nyumba. Kupekua mbegu ya wanawake, hakuna aliyefikiri. Na moshi inafukuza wadudu na unyevu. Baba alisema kama mahindi inafika mwaka ujao, karatasi nayo itafika."

Kisa cha stempu zenyewe kila mtoto wa ukoo alikisikia kabla ya kujua kuhesabu. Mwaka wa sitini na nne, waasi walipouteka mji, walimkuta Tambwe, baba yake Ephraïm, kwenye dirisha la posta. Walimpa muhuri wa mti na chupa ya wino wa zambarau, wakamwamuru agonge kila stempu iliyobaki kwa sababu nchi imepata wenyewe wapya. Mtu mwenye mkuki shingoni hagombanii stempu, Tambwe aligonga. Miezi michache baadaye askari wa serikali walirudi na malori, wakawakusanya wanaume ukingoni mwa Lualaba. Onyesheni mikono, walisema, wakitafuta wino wa waasi. Tambwe alikuwa amevisugua vidole vyake kwa mchanga mpaka vikachubuka na rangi isitoke. Walimpiga risasi pale pale. Wakampiga na fundi cherehani aliyekuwa na chaki ya rangi mikononi, na kijana wa shule mwenye wino wa kalamu. Ephraïm aliyaona yote akiwa chini ya mtumbwi uliopinduliwa, mtoto wa miaka minane, ameuma kiganja chake asilie.

"Shangazi, mama yake Arsène, hakutaka hata kuzitazama," Jacqueline alisema. "Alisema ile violet njo ilimukula baba yao, na muntu mwenye akili angeiosha zamani."

Nuru alimgeukia. "Aliwaambia nani maneno hayo?"

"Kila muntu. Mpaka alipokufa."

Nyuma ya mtungi wa maji kulikuwa na beseni la bati limeegemezwa ukutani. Nuru alilivuta kwenye mwanga. Ndani, karibu na ukingo, ilizunguka mstari wa zambarau kama ule unaoachwa na maji ya kufulia nguo inayochuja.

"Dawa ya kidonda labda," alisema mmoja wa wanawake mlangoni. "Dawa ya violet."

"Labda." Nuru aliomba albamu. Kati ya kurasa zilizochanwa palibaki ukurasa mmoja wenye stempu moja ya muhuri wa zambarau iliyong'ang'ania kwenye mkunjo. Pembeni yake Tambwe alikuwa ameujaribu muhuri kwenye karatasi tupu. Nuru alilowesha kidole kwa ulimi, akagusa alama ile ya pembeni. Kidole kikatoka zambarau. Alama ikawa doa.

Nyuma yake wanawake walivuta pumzi kwa pamoja.

"Amezilowesha," Nuru alisema, akijisemea zaidi kuliko kuwaambia. "Alizibandua kwa maji ya moto, akasugua muhuri utoke. Humu humu, mzee yuko chini anatoka damu."

Alijua amekosea mara tu alipoyasema. Mlangoni nusu ya wanawake walikuwa wameshatoweka, kila mmoja na miguu yake na mdomo wake. Alimwambia Jacqueline akae na albamu asiipe mtu, kisha akakimbia, mwili wote ule, kupita migombani.

Alifika maneno ya beseni hayajafika. Umati ulikuwa unasukuma mlango kwa gogo, na Israël alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye meza, jicho limefumba kwa uvimbe. Nuru aliisogeza meza, akafungua mlango kwa upana wa mtu mmoja.

"Arsène. Ingia wewe peke yako. Nataka familia iwe mushahidi. Dumu ibaki."

Arsène aliwatazama wenzake kifua mbele, akaingia kwa mwendo wa mtu aliyechaguliwa.

Nuru alikuwa ameshamimina chai. Alimpa kikombe. Mtu aliyelelewa vizuri Maniema hapokei kitu cha mkubwa kwa mkono mmoja. Arsène alitoa mkono wa kulia peke yake, akasita, malezi yakamshinda, akatoa na wa kushoto. Nuru hakuitazama chai. Alitazama dole gumba na kidole cha shahada cha kulia, halafu dole gumba na kidole cha shahada cha kushoto. Vyote vilikuwa zambarau hadi ndani ya kucha.

"Ni nini hii, mwanangu?"

"Dawa ya violet, mama. Nilijikata na chupa."

"Wapi?"

Arsène aligeuza kiganja cha kushoto. Kweli, palikuwa na mkato mpya, umechanua, mwekundu na mweupe.

"Pole. Dawa ya hapo iko wapi?"

Arsène alikitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Ilitoka na maji."

"Ilitoka mahali iko na kidonda, ikabaki mahali haina kidonda. Hiyo dawa inachagua."

"Mama, miye njo nimefiwa hapa. Usinifanye..."

"Israël, mufukoni."

Chai ya moto ikamrukia Israël usoni. Arsène akamfuatishia teke la tumbo, akakamata kigoda akakiinua kumpiga Nuru kichwani. Kigoda kilimpata begani, na Nuru akahisi mfupa ukilia. Hakurudi nyuma. Alizungusha rungu lake chini, kwenye goti, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na Arsène akaanguka juu ya vigae vya kioo akipiga kelele. Israël, uso umebabuka, akamkalia mgongoni na kumfunga pingu. Mfukoni mwa shati, ndani ya plastiki ya kadi ya kura, palikuwa na stempu. Hakuziacha nyumbani, siku ya fujo mtu hatembei mbali na mali kama ile.

Nuru alimtoa Sikuli mahabusu. Sikuli aliukuta mkoba wake mezani, akatoa kibano na lenzi. Alivaa glavu, akavuta stempu ya kwanza, akaitazama kwa lenzi. Akavuta ya pili, na ya tatu. Kisha akaiweka lenzi chini polepole.

"Nani aliosha hizi?"

"Zilikuwa na uchafu," Arsène alisema akiwa sakafuni. "Ile violet. Mama alisema iko na damu ya babu. Nani angenunua timbre iko na damu?"

"Ile violet njo ilikuwa bei!" Sikuli alipiga kelele, sauti ikimpasuka. "Violet peke yake! Sasa hii ni karatasi ya rangi. Hata miye siwezi kukupa kitu. Hakuna muntu atakupa kitu!"

Arsène alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeamini.

"Miye sikuiba," alisema kicheko kilipokatika. "Mpwa haibi kwa muyomba wake. Kuku, mbuzi, anatwaa tu, na muyomba anacheka, njo desturi yetu. Nilipanda uchaga kutwaa. Akaja, akanishika shati. Akasema twaa kila kitu, Arsène, hizi hapana, hizi ni za baba. Mchi ilikuwa karibu."

"Ulimupiga mara ngapi?"

"Sijui. Alikuwa anaweka mukono juu ya kichwa."

"Kisha ukamukokota mpaka sebuleni, ukapasua godoro. Na asubuhi ukaenda kununua petroli."

Nuru alihisi hasira yake imefika kileleni, na kwa kitambo alitamani sana kuufungua mlango na kuondoka zake.

Nje kelele zilibadilika. Jina la Sikuli lilikatika ghafla, likazuka neno jingine, likapita mdomo hadi mdomo kutoka upande wa nyumba ya matanga. "Vidole! Muuaji iko na vidole vya violet! Onyesha mikono!" Nuru aliruka dirishani. Watu walikuwa wanakamatana, wanageuzana viganja, ndugu kwa ndugu. Mwendesha pikipiki mmoja kijana alikuwa na dawa ya zambarau kwenye dole gumba lililong'oka ukucha. Alijaribu kueleza. Ubao wa kwanza ulimpiga mdomoni, na baada ya hapo hakuwa na mdomo wa kuelezea. Wakamwangusha, wakamrukia. Mtu akaliburuta tairi.

Nuru alitoka mbio, akapiga bastola hewani, akapiga tena karibu sana na masikio ya watu. Walirudi nyuma hatua mbili. Alimkamata kijana kwa mkanda, akamburuta ngazi kwa mkono mmoja, meno yake yakibaki kwenye vumbi, akamwingiza ndani na kufunga. Ukucha ulikuwa umeng'oka kweli. Kidonda kilikuwa cha siku nyingi.

Arsène alikuwa ameona yote kupitia dirishani. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Mama," alinong'ona, "usifungue tena."

"Nitafungua. Risasi zimekwisha, na huo mlango hautafika jioni. Gari ya jipu iko barabarani, na parke, kwa mushitaki, inakungoja." Nuru aliwatazama wote wawili, muuaji na mfanyabiashara aliyenusurika kuuawa. "Israël, pita nyuma, uniletee Jacqueline na albamu. Mwambie tunaipeleka kwa mushitaki, ilindwe. Usimwambie kingine."

Israël alipotoka, Nuru alinyoosha mkono. "Papa Sikuli, nipe gants."

Sikuli aliikumbatia mikono yake. "Kwa huyu? Huyu alitaka kuniunguza muzima!"

"Najua."

Mfanyabiashara alitazama dirishani, tairi lile, dumu lile. "Kule kwetu nimeona muntu akiungua," alisema. "Unafua nguo, unafua, harufu haitoki." Akazivua, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya mtu anayetunza vitu. "Nazitaka zirudi."

Jacqueline aliingia kwa mlango wa nyuma na albamu kifuani. Alimwona Arsène amesimama, amevaa glavu, pingu zimeshavuliwa na kufichwa, anachechemea. Nuru alisema kwamba ameumia kwenye vurugu, ambalo halikuwa uongo, na kwamba mpwa ndiye astahiliye kubeba mali ya mjomba wake hadi kwa mshitaki. Jacqueline alikubali kwa kichwa. Ndivyo inavyokuwa. Alimwekea albamu mikononi.

"Beba vizuri, ndugu yangu."

Mlango ulifunguliwa. Sikuli alitangulia, mikono juu, mitupu, viganja vyeupe vimewaelekea watu. Walimshika vidole, wakavipindua, mmoja akavitemea mate akavisugua. Hakuna kitu. Watu wale wale waliokuwa wakiliimba jina lake wakampisha, wengine wakitazama chini.

"Na huyo? Juu ya nini anavaa gants?" mmoja aliuliza, akimwonyesha Arsène.

"Albamu ya marehemu haishikwi na mukono wazi," Nuru alisema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa barabara. "Jasho inakula karatasi. Mulimuita Papa Sikuli muuaji sababu ya kujua hiyo. Mupishe muntu apite na urithi."

Walimpisha. Mwanamume mmoja mzee alivua kofia. Arsène alipita katikati yao akichechemea, albamu mbele yake, macho yakiwa kwenye visigino vya Sikuli. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye nywele hadi kidevuni. Nuru alitembea nyuma yake, bastola tupu pajani, akizihesabu hatua bila kujua anahesabu. Jacqueline alikuwa pembeni, bega kwa bega na binamu yake, mkono mmoja chini ya albamu isije ikateleza.

Walikuwa wameligusa gari la jipu Nuru alipoona, kwa juu ya bega la Arsène. Kwenye ncha ya dole gumba la glavu nyeupe lilikuwa limetokea doa dogo la zambarau. Halafu kwenye kidole cha shahada. Jasho lilikuwa linaitoa rangi kwenye ngozi, na pamba ilikuwa inainywa. Doa lilikua mbele ya macho yake, mpaka likawa na umbo la kidole.

Jacqueline alisimama, naye ameliona. Aliinua macho hadi usoni pa Arsène, naye Arsène akajua kwamba amejua. Nyuma yao watu wengi walikuwa wakisubiri, vifua vikiwa bado vinapanda na kushuka, na dumu la njano lilikuwa limesimama pale pale Arsène alipoliacha. Ingetosha neno moja. Nuru aliona shingo ya Jacqueline ikivimba kwa neno lile, na hakukuwa na chochote ambacho polisi yeyote angeweza kufanya.

Jacqueline alifungua kitambaa cheusi cha matanga kichwani mwake. Alikikunjua kwa mikono miwili, akakitandaza juu ya albamu na juu ya glavu zote mbili, akakichomeka pande zote kama anavyofunikwa mtoto aliyelala.

"Jua inaharibu timbre," alisema, na watu wote wakamsikia.

Kisha akaingia ndani ya jipu kwanza, akaketi ana kwa ana na mahali ambapo angeketi muuaji wa baba yake, akangoja aingie.